Mlio wa Pili wa Besi ya Yakobo

Simu ililia asubuhi, Kasilda akiwa amepiga magoti sebuleni kwake Musinzira, mjini Gitega, kitambaa mkononi, akimpangusa Zakayo vumbi. Alitazama kioo cha simu akaona jina la kaka yake, akashusha pumzi kama mtu anayejua swali kabla hajaulizwa. Kwa miaka mingi Yakobo alikuwa akimpigia kutoka Buhinyuza kila asubuhi baada ya sala, na kabla hata ya salamu alikuwa anauliza, "Watoto wameamkaje?" Watoto wenyewe hawakuwa watoto wa mtu. Yalikuwa magitaa ya besi, ya umeme, ya zamani, na yote yalilala kwa Kasilda.

Kwa hiyo siku hiyo Kasilda hakungoja swali. Aliiweka simu sikioni akasema kama anayesoma matangazo kanisani, "Wameamka salama wote. Ayubu bado anabambuka. Hakuna aliyekufa."

Iliyojibu ilikuwa sauti ya Christina, mke wa Yakobo.

"Wifi," alisema, "kaa chini."

"Niko chini. Nimepiga magoti."

"Basi baki hivyo hivyo. Kaka yako ametutoka alfajiri hii. Aliamka kuomba, akainamisha kichwa kitandani. Mimi nikadhani leo sala ni ndefu."

Kasilda hakupiga kelele. Alibaki palepale, simu sikioni na mkono mwingine juu ya Zakayo, akamshukuru Mungu kwamba kaka yake aliondoka akiwa magotini. Kisha akalia. Na alipokuwa analia, kitu kingine kikamjia kichwani, kikamfanya aache kulia ghafla kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni.

Ahadi. Alikuwa amemwahidi, tena mbele za Mungu.

Ili ahadi hiyo ieleweke, lazima Yakobo mwenyewe ajulikane. Alikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi huko Kigoma, yeye na mdogo wake Kasilda. Kanisa la kambini lilikuwa na gitaa moja la besi, na Yakobo, akiwa kijana, alipewa kazi ya kulibeba. Kulipiga alipiga mwingine. Yakobo alilibeba kwenda, akakaa karibu na spika, akalibeba kurudi. Alikuwa akimwambia Kasilda kwamba sauti nyingine zote mtu huzisikia kwa sikio, lakini besi huisikia tumboni, mahali uji unapokaa. "Ndiyo sauti iliyo karibu zaidi na Mungu," alisema. Kasilda alimjibu kwamba ndiyo sauti iliyo karibu zaidi na njaa.

Waliporudi Burundi, wenzao waliuliza habari za viwanja, mabati na mbegu. Yakobo alipewa shamba Buhinyuza, akalima maharage na mahindi kama watu wengine, na alikuwa mkulima mzuri, hakuna anayeweza kusema vingine. Ila akikutana na mzee yeyote sokoni, swali lake lilikuwa moja: "Samahani mzee, huku kwenu enzi zile nani alikuwa na orkesta?"

Ndivyo alivyoyakusanya. Orkesta za harusi zilizokufa zamani zilikuwa zimeacha magitaa yao darini, stoo na mahali pa ajabu. Zakayo, Yakobo alimkuta mjini Karuzi, ameegemezwa kwenye mlango wa banda la mbuzi usifunguke. Akampa jina hilo kwa sababu ya shingo yake fupi. Yona alikuwa ameanguka mtoni Ruvubu akaopolewa. Ayubu alijaa mabaka, rangi imembambuka mwili mzima, na hakuwahi kulalamika. Methusela alitoka Ujerumani ile ya mashariki, na uzito wake ulikuwa wa mlango wa kanisa. Walikuwapo wengine, na kila mmoja na jina lake kutoka Maandiko, kwa sababu Yakobo alisema kitu cha umeme kisichobatizwa si cha kuaminiwa.

Mkubwa wao wote moyoni mwake alikuwa Lazaro. Lazaro alikuwa mali ya mwalimu mmoja mzee, mtu wa kilima cha jirani, aliyelifunga gitaa lake kwenye sanduku la bati, akaliziba kwa nta na majivu, akalifukia katika migomba usiku wa kukimbia nchi. Aliporudi baada ya miaka, migomba ilikuwa imehama, kama migomba inavyohama, na mwalimu hakujua tena alifukia wapi. Yakobo aliposikia habari hizo hakupata usingizi. Alikwenda na jembe, akaomba ruhusa ya kutafuta. Alichimba msimu mzima, mstari kwa mstari, bila kudai kitu. Gitaa halikuonekana mpaka shamba lote likageuzwa juu chini, na mwaka ule mwalimu alivuna kuliko watu wote wa kilima kile. Watu wengine wakaanza kumwambia Yakobo kwa upole kwamba wao pia wanahisi walifukia kitu, hawakumbuki vizuri, labda upande ule wenye magugu.

Jembe lilipogonga bati, mwalimu alifungua sanduku, akalitazama gitaa, akatazama vidole vyake vilivyokakamaa. "Lichukue," akasema. "Umelima vya kutosha."

Nyumbani kwa Yakobo, Christina alivumilia. Alivumilia Yona, akamvumilia Ayubu. Siku mchwa walipopanda ukutani kumfuata Methusela na kupitia kabati la nguo zake, ndipo alipotoa hukumu. "Mume wangu," alisema, "mimi nilisoma kwamba mume ana mke mmoja. Hawa wake wenza wenye shingo ndefu watafute pa kukaa."

Ndipo wakahamia Gitega, kwa Kasilda, kwenye nyumba ya saruji isiyo na mchwa. Yakobo aliwaleta mmoja mmoja, kila mmoja kafungwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kasilda alikuwa mjane, mwalimu wa shule ya Jumapili, mtu wa kuheshimika. Wanawake wa kikundi chake cha maombi walipokuja mara ya kwanza na kukuta magitaa yamepangwa ukutani, walitazamana, kisha wakamwombea kwa bidii afunguliwe kutoka roho ya baa. Kasilda alisema amina, kwa sababu ni vibaya kukataa maombi.

Na jambo la kuchekesha kuliko yote ni hili: hakuna aliyewahi kuyasikia magitaa hayo.

Gitaa la besi la umeme bila ampli ya kukuza sauti ni ubao wenye nyuzi. Ukilipiga linanong'ona kama mbu wa chumba cha pili. Buhinyuza hapakuwa na umeme kwa Yakobo, na ampli hakuwa nayo. Mara moja tu alijaribu kanisani. Mchungaji Egidius alimruhusu kwa moyo mweupe, Jumapili ya mavuno, kanisa limejaa. Yakobo alimchomeka Methusela kwenye spika ya kanisa, ile ndogo ya kipaza sauti, akafumba macho, akapiga uzi mnene kuliko wote. Ulitoka mlio mmoja. Wazee walioketi mbele walisimama wakidhani ni tetemeko. Kisha spika ikapasuka, na Mchungaji Egidius akahubiri siku hiyo kwa kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Tangu siku hiyo watu wa Buhinyuza walimwita Mlio Mmoja. "Mlio Mmoja, maharage yanaendeleaje?" "Mlio Mmoja, lini utatupigia wa pili?" Yeye alicheka nao. Lakini alipokuja Gitega, Kasilda alimwona anavyofanya. Alimtoa Lazaro, akaegemeza kichwa cha gitaa kwenye sanduku lake, kisha akalaza shavu lake juu ya sanduku na kupiga polepole, macho yamefumbwa. "Njoo usikie," alimwambia. Kasilda alikuwa daima na kitu jikoni.

Sanduku lenyewe nalo lina habari yake. Lilitengenezwa na Audax, fundi wa majeneza wa Buhinyuza, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na mbao kavu. Yakobo alikaa karakanani kwake mchana kutwa, akigonga mbao za grevilea moja moja na kutega sikio, mpaka Audax akamwambia, "Ndugu yangu, wateja wangu wengine huwa hawagongi." Alipomaliza kuchagua, Audax akampima Lazaro kwa kamba, kichwa mpaka miguu, kama anavyopima siku zote. Fundi hana vipimo viwili. Sanduku likatoka zuri, limepigwa msasa, na msalaba mdogo kifunikoni, kwa mazoea.

Sasa ile ahadi. Mwaka uliotangulia Yakobo aliugua presha, akaletwa Gitega kutibiwa, akalala kwa Kasilda chini ya magitaa yake. Alikataa kula. Kasilda alikaa naye na kikombe cha uji.

"Mdogo wangu," alisema Yakobo, "siku yangu ikifika nisizikwe kimya. Besi ipigwe. Watu wausikie mlio wa pili."

"Kunywa uji."

"Wananiona mwehu kwa sababu hawajasikia. Wakisikia wataelewa. Niahidi."

"Uji unapoa, kaka."

"Niahidi mbele za Mungu, nitakunywa wote."

"Nakuahidi mbele za Mungu, haya kunywa!"

Akanywa wote, akaomba na mwingine, akapona. Kasilda aliyewafundisha watoto kila Jumapili kwamba nadhiri haichezewi, alikuwa ametoa nadhiri kwa kikombe cha uji.

Hiyo ndiyo iliyomsimamisha kutoka magotini asubuhi ya simu. Alijifunga kitenge, akaenda moja kwa moja sokoni, kwa Baguma.

Baguma alikuwa Mkongomani wa Uvira, muuza redio na spika za mtumba, na zamani alipiga besi kwenye orkesta ya kwao. Alimuuzia Yakobo magitaa mawili, akajuta, akajaribu kuyanunua tena, akashindwa, na tangu hapo wakawa marafiki wa kugombana. Alipoona uso wa Kasilda alizima redio zote dukani.

"Mama Kasilda, pole. Pole sana. Mi siamini. Yakobo? Ule mwenye alinipigia simu juzi kunitukana juu ya Zakayo?"

"Ndiye huyo."

"Anasema Zakayo ni ya Chekoslovakia. Mi namwambia, mon frère, hii ni ya Japani, angalia bisi zake, hizi skrubu! Akanikatia simu. Na sasa amekwenda bila kukubali." Baguma alijifuta macho kwa kitambaa cha kufutia redio. "Alikuwaka mutu nguvu, kweli."

"Baguma, nilimwahidi kwamba besi itapigwa akizikwa. Mbele za Mungu."

"Aa, mama. Ungeniuliza kwanza mbele ya kuahidi Mungu."

"Utapiga?"

"Mi? Vidole vimekauka. Tangu niachaka orkesta, napigaka tu calculatrice ya kuhesabu feza." Akatazama ampli kubwa iliyokaa pembeni mwa duka, kisha akaitazama tena. "Bon. Nilikuwa niende Kobero, kule mpakani, wiki hii kuchukua mali. Kamiyoneti iko na mazutu ya kwenda. Ya kurudi, tutamwachia Mungu ule uliyemwahidi."

Wakaondoka adhuhuri na pikapu hiyo: ampli imefungwa kamba nyuma, na sanduku la Lazaro limelazwa kando yake juu ya godoro, kwa sababu Kasilda alikataa lilazwe juu ya bati tupu.

Walisimamishwa na polisi njiani, baada ya Karuzi. Askari alizunguka gari, akaona sanduku jembamba la mbao lenye msalaba, akavua kofia.

"Poleni. Ni mtoto?"

"Ya Yakobo," alisema Baguma, na huo ulikuwa ukweli kama Yakobo mwenyewe alivyousema.

"Alikuwa na umri gani?"

Baguma alifikiri kwa uaminifu. "Tuseme miaka makumi tano na kitu."

Askari alirudisha kofia kichwani. "Mtoto wa miaka hamsini?"

"Na makumi mbili ya hiyo alikuwa ndani ya udongo," alieleza Baguma, akitaka kusaidia.

Ilibidi Kasilda ashuke. Alimfungulia askari sanduku kwa mikono yake, akamweleza habari za Yakobo, migomba na nadhiri, akilia na kueleza, akieleza na kulia. Askari alimtazama Lazaro kwa muda mrefu. Mwisho alifunga kifuniko taratibu, akasema, "Mama, katika kazi hii nimeona magendo ya kila aina. Pita. Na uifikishie familia pole zangu."

Walifika Buhinyuza jua likiwa linashuka. Uwanja ulikuwa umejaa watu, moto umewashwa, wanawake wameketi kwenye mikeka. Kamiyoneti ilipoingia na Baguma akashusha lile sanduku mabegani, wanawake waliliona, na kilio kilichokuwa kimetulia kikalipuka upya. "Jamani, na mtoto tena! Msiba juu ya msiba!" Mama mmoja alianguka chini kabla hajajua anamlilia nani.

Christina alitoka ndani, kitenge kichwani, macho yamevimba. Alitazama sanduku, akamtazama wifi yake.

"Ni Lazaro?"

"Ni Lazaro."

Christina aliwageukia wanawake. "Nyamazeni. Ni mke mwenza amekuja kuzika. Mpisheni akae."

Kicheko kilianzia mahali fulani kwenye mikeka, kikazuiwa kwa kanga, kikatokea mahali pengine. Christina mwenyewe alicheka, kisha akamwangukia Kasilda shingoni, na walipokuwa wamekumbatiana hakuna aliyeweza kujua kama ni kicheko au kilio. Sanduku la Lazaro lilipewa mkeka wake, ndani ya nyumba, karibu na lile kubwa la Yakobo.

Mazishi yalipangwa kesho yake. Asubuhi Mchungaji Egidius alifika, akaikuta ampli ya Baguma uwanjani, juu ya benchi, kubwa kama kabati. Alisimama mbali nayo kidogo.

"Dada Kasilda," alisema, "unaikumbuka spika."

"Naikumbuka, Mchungaji."

"Kanisa lilikaa bila spika kutoka mavuno mpaka mavuno."

"Ni ahadi, Mchungaji. Mbele za Mungu."

"Mungu naye anaikumbuka spika ile." Mchungaji alikuwa mtu mwema, alimpenda Yakobo. Alitazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa Tanzania. "Haya. Wimbo mmoja. Kabla ya kwenda kaburini. Mvua ikianza sitangoja umeme wala besi."

Jenereta iliazimwa kutoka kwa jamaa aliyekuwa akionyesha mechi za mpira kwenye runinga pale senta. Ilikuwa tupu, na kwa wiki kadhaa esansi, yaani petroli, haikuwa imeonekana mkoa mzima wa Muyinga. Baguma hakuyumba. Alikwenda kwenye kamiyoneti, akanyonya mazutu, yaani dizeli, kwa mpira, akatema, akajaza. Mwenye jenereta alikuwa ameenda kunawa. Aliporudi alikuta mashine yake inavutwa kamba.

"Umeitia nini?" aliuliza.

"Mazutu."

"Hiyo inakunywa esansi!"

"Moto ni moto," alisema Baguma, akavuta mara ya mwisho.

Jenereta ilikohoa, ikatoa moshi mweusi uliowafunika kwaya nzima wakiwa na sare zao nyeupe, ikatikisika kama mbuzi aliyetoka mvuani, ikanyamaza. Haikusema tena neno. Mwenyewe aliipigia magoti. Kwaya walipiga chafya kwa sauti zote nne.

Umati ulinung'unika. Mzee mmoja alisema, si kwa ubaya, "Mlio Mmoja hata leo mmoja umemshinda." Waliocheka walijuta haraka, wakainamisha vichwa.

Kasilda alisimama katikati ya uwanja. Jeneza lilikuwa tayari limetolewa nje, juu ya mabenchi mawili. Watu walikuwa wanamtazama Mchungaji, na Mchungaji anayatazama mawingu. Kasilda alisikia uchungu ambao hata simu ya Christina haikumpa. Aliomba moyoni, bila maneno mazuri: Bwana, nilisema tu ili anywe uji, lakini nilisema.

Audax fundi alikuwa amesimama karibu naye, kofia mkononi. Labda alidhani analilia ubora wa kazi. "Mama," alimnong'oneza, "usisikitike, ni mbao nzuri. Alizichagua mwenyewe. Zilibaki tulipotengeneza lile sanduku la gitaa. Akaniambia nizitunze, zina sauti. Sikujua nazitunzia nini."

Kasilda aligeuka akalitazama jeneza. Rangi ileile. Msasa uleule. Alimwona Yakobo amelaza shavu juu ya sanduku sebuleni kwake, macho yamefumbwa, akimwambia njoo usikie, na yeye anamjibu kwamba ana mchicha jikoni.

"Baguma," alisema. "Mlete Lazaro."

"Mama, umeme hakuna."

"Mlete. Kichwa cha gitaa kiegemeze pale." Akanyoosha kidole kwenye jeneza.

Baguma alimtazama, akalitazama jeneza, na Kasilda akaona usoni mwake kwamba ameelewa. Na yeye pia aliwahi kuonyeshwa lile sanduku, na huenda yeye hakuwa na mchicha. Lakini alirudi nyuma hatua moja. "Mchungaji atanifukuza."

Mchungaji Egidius alikuwa amesikia. "Juu ya jeneza?" alisema. "Dada, hiyo ni mila ya wapi?"

"Si mila, Mchungaji. Ni ubao tu. Yeye alikuwa anasikia hivyo, kwa sababu hakuwa na ampli. Wimbo mmoja uliniruhusu. Huu hautapasua kitu."

Tone la kwanza la mvua lilianguka. Mchungaji alifumba macho, na hakuna anayejua aliomba nini, lakini alipoyafumbua alisema, "Upesi."

Baguma alivua viatu, sijui kwa nini, hata yeye hakujua. Alipiga goti moja, akamweka Lazaro juu ya paja, akakisukuma kichwa cha gitaa kwa nguvu kwenye ubavu wa jeneza, akapiga uzi mnene.

Waliokaa mbali hawakusikia kitu. Waliokaa karibu walisikia mngurumo wa chini, laini, kama gari zito linalopita barabara ya mbali. Jeneza zima lilikuwa linaimba. Christina alikuwa wa kwanza. Alisogea, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akashtuka, kisha akapiga magoti na kulaza shavu lake juu ya ubao, kama mume wake alivyofanya miaka yote, na kama yeye alivyokataa kufanya miaka yote.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ndiyo hii."

Kasilda naye aliinama upande wa pili, akalaza shavu. Safari hii hakuwa na kitu jikoni. Besi ilimpitia mfupa wa taya, ikashuka kifuani, ikafika mahali uji unapokaa. Hapo akaelewa kwamba kaka yake hakuwa amemwambia uongo hata siku moja.

Kwaya, nyeusi kwa moshi, ilianza wimbo wa kuagana waliouleta kutoka kambini, na Baguma akawafuata, vidole vikikosea, vikirudi, vikikosea kidogo tena. Watu walisogea kwa zamu kuweka mikono. Wazee, watoto, mwenye jenereta, yule mzee aliyesema maneno yale. Mzee huyo alikaa na mkono pale mpaka akasukumwa. "Mlio wa pili," alisema kwa sauti. "Nimeusikia. Mniandike."

Mchungaji Egidius aliweka mkono wa mwisho. Aliuacha mkono pale mpaka wimbo ukaisha, ingawa mvua ilikuwa imeanza kweli.

Kisha wakaenda kaburini, nyuma ya shamba la maharage. Wanaume sita walilibeba jeneza, Baguma akiwa mmoja wao, bila viatu. Mchungaji alisoma, akaomba kwa ufupi kwa sababu ya mvua. Walimshusha kwa kamba. Christina alitupa udongo wa kwanza, kisha Kasilda, kisha wengine. Lazaro alirudishwa kwenye sanduku lake, akafunikwa turubai asilowe. Kaburi lilipojaa walisimika msalaba na kuweka maua. Watu walinawa mikono kwenye beseni langoni, kama desturi, wakapewa kinywaji, wakaondoka wawili wawili. Kasilda alibaki na wifi yake mpaka giza likaingia.